Kompyuta Imesema Maji Yapo

Bigwa, Morogoro, Jumapili, 1 Septemba 1996

Bomba la uani linatoa hewa tu, na mlio kama wa mtu anayekoroma. Naandika hapa yale ambayo gazeti langu halitayachapa. Siku hizi matangazo ya friji na mitumba yamevamia hadi ukurasa wa mikoani, na habari ya Morogoro ikipata aya tatu tunashukuru.

Leo Injinia Gervas wa ofisi ya maji alinipandisha mlimani kuona chanzo. Tuliondoka akiwa ametoka misa ya kwanza, bado na shati lake jeupe. Siku za kazi Land Rover ya ofisi iko kwenye semina na safari za wakubwa. Jumapili ndiyo inakuwa yake. Maji yalikuwa yanamwagika juu ya ukuta wa banio, pale mto unapozuiliwa ili maji yaingie bombani. Mita ya pale ilikufa zamani, kwa hiyo alishusha kijiti chenye alama, akasoma, akaandika, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Haya yanatosha Bigwa nzima na yanabaki," alisema.

Nikamuuliza basi yanakwenda wapi. Akasema kompyuta itajibu.

Jumanne, 3 Septemba

Chumba cha kompyuta kina zulia, na kila anayeingia anavua viatu mlangoni, hata Injinia mwenyewe. Mashine imefunikwa kitambaa alichofuma mkewe, kama redio ya sebuleni. Alikikunja taratibu, akaiwasha, tukasubiri umeme utulie.

Kwenye kioo ukatokea mji wetu bila nyumba wala watu: mistari ya mabomba, na vidoti pale yanapoungana. Kwa kila bomba ameingiza urefu, upana na umri wake. Kwa kila kidoti ameingiza mwinuko wa mahali na idadi ya watu wanaokinga. Mashine inachukua maji yanayoingia kutoka chanzoni, inapiga hesabu, inasema yatafika wapi na kwa presha gani. Amehangaika nayo tangu Pasaka. Wafadhili wamesema bila hesabu hiyo hawatoi mabomba mapya.

Kidoti cha Bigwa kilikuwa cha bluu. Maana yake maji yapo, na presha ni nzuri.

Nikamwambia mimi naishi ndani ya kidoti hicho na sijaoga. Hakucheka.

"Ndiyo maana nakuambia, Bi Zuleha. Yanatoka mlimani na hayafiki kwako. Katikati kuna mkono."

Alhamisi, 5 Septemba

Hakuna maji. Upepo na vumbi.

Jumatatu, 9 Septemba

Alfajiri maji yalitoka, membamba kama uzi, yakakatika kabla ndoo ya tatu haijajaa. Jumatatu iliyopita ilikuwa hivyo hivyo. Wanawake kwenye foleni wana maelezo yao: Jumapili wasukuma mikokoteni wanaouza maji mjini wanapumzika, kwa hiyo anayewauzia naye anapumzika, na sisi tunapata makombo.

Anayetajwa ni Abasi, jirani yangu, mfungua valvu wa njia ya maji ya Bigwa. Alipopita na spana yake begani walimshukia. Mmoja akamwuliza kama atawafungulia na wao, au mpaka waje na mkokoteni.

"Nifungue nini?" akajibu. "Valvu iko wazi mpaka imechoka. Tangi la Bigwa halijai, jamani. Nendeni mkalipigie magoti lenyewe."

Walicheka, lakini si kicheko kizuri. Mimi nami nimemtilia shaka. Mwaka huu ameezeka bati jipya, na mshahara wa mfungua valvu naujua.

Jumapili, 15 Septemba

Injinia alipanda tena. Amepita kwangu akiteremka: maji tele, kama mara ile. Nimemwomba maneno ya kuchapisha akanipa, nami nikayasoma mbele yake neno kwa neno kabla ya kutuma faksi.

Alhamisi, 19 Septemba

Habari imetoka. Mhariri ameipa kichwa: Kompyuta Yabaini Wizi wa Maji Morogoro. Mimi sikuandika wizi. Niliandika kwamba kwa mujibu wa hesabu maji yanapotea kati ya chanzo na Bigwa. Jina la mtu sikulitaja. Halikuhitajika. Njia ya Bigwa ina mfungua valvu mmoja.

Jumatatu, 23 Septemba

Polisi wamemchukua Abasi asubuhi, akiwa tangini. Shtaka ni wizi wa maji. Mkewe, Asha, alikuja kwangu na kanga moja, miguu ina vumbi hadi magotini. Alikuwa amekimbia kituoni na kurudi. Hakunilaumu. Aliniuliza kompyuta ni kitu gani. Nilimweleza kama nilivyoelezwa: mabomba, vidoti, hesabu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa dada, hiyo ilimwona wapi Abasi?"

Nikamwambia haikumwona. Ilihesabu tu.

Aliondoka bila kuaga. Bati, nimeambiwa na mama yake Abasi, alinunua kaka yake Asha aliye Kilombero, kwenye mashamba ya miwa. Ningeweza kuuliza mapema. Ni nyumba ya jirani.

Jumatano, 25 Septemba

Mahakamani. Dhamana imekataliwa kwa hoja kwamba anaweza kuharibu ushahidi. Ushahidi wenyewe umefunikwa kitambaa ofisini.

Ijumaa, 27 Septemba

Hakuna maji. Shule ya msingi imewaambia watoto waje na chupa. Watoto wa Asha hawakwenda.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimekwenda mahabusu na Asha. Abasi ana pumu, na mle ndani wanalala ubavu kwa ubavu, wanageuka kwa zamu kama samaki kikaangoni. Maneno hayo ni yake. Alijaribu mzaha mwingine kikohozi kikamkata. Askari alikuwa muungwana, alitupa muda. Abasi aliniambia jambo moja tu la maana: walipomhoji alisema tangi halijai, nao wakaandika kwamba amekiri tangi halijai.

"Dada Zuleha," alisema, "ukibishana na mtu utamshinda. Na mashine unaanzia wapi?"

Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Asha aliiona.

Jumatatu, 7 Oktoba

Maji alfajiri, ndoo mbili. Kisha basi.

Abasi yuko ndani, na bado Jumatatu yanatoka na Jumanne hayatoki. Nimelisema hili kwenye foleni. Mama mmoja akanijibu kwamba basi ana mwenzake.

Jumatano, 9 Oktoba

Mhariri alitaka habari ya kabichi. Tangu biashara iachwe huria, malori ya Dar yanakuja hadi chini ya mlima kununua mboga, na Waluguru wa juu ambao zamani walilima wakati wa mvua sasa wanalima kiangazi chote. Nikapanda kwa miguu.

Njia inapita kwenye banio. Nilisimama pale. Ukuta ambao maji yalikuwa yanaruka juu yake ulikuwa mkavu, una nyufa za tope. Kwenye mdomo wa bomba kulikuwa na mchirizi ambao ningeuziba kwa kiganja. Niliuziba, kuhakikisha.

Hatua chache juu yake nikaona kwa nini. Mto umetegwa kwa mawe na migomba, na maji yameingia kwenye mfereji, kisha mwingine, kisha mwingine, yanazunguka mlima kama mkanda. Chini ya kila mfereji kuna matuta: kabichi, njegere, vitunguu vya majani. Kijani kitupu, mahali ambapo Bigwa nzima ni rangi ya tofali.

Mwenye matuta ya kwanza ni mama mmoja mtu mzima, Veronika, mjane. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuacha kumwagilia. Alinipa ndizi. Nikamuuliza kama mifereji inafunguliwa kila siku.

"Wiki nzima, mwanangu. Jumamosi jioni tunaziba, tunauacha mto uende zake. Dominika hapa hashiki mtu jembe. Ukishika, hata shangazi yako hakusalimii."

Nikamwomba aseme tena. Akasema tena, polepole, akidhani mimi Mwislamu wa mjini sijui Dominika ni siku gani.

Nimeteremka nikiwa nahesabu nilichokiona. Maji ya Jumapili yanaingia tangini, na Jumatatu alfajiri ndiyo yanatufikia. Gervas amepima Jumapili. Kila alipopima ilikuwa Jumapili, akitoka misa, siku ambayo wenzake wa misa wa mlimani nao wameweka majembe chini. Kompyuta haikudanganya. Iliambiwa kwamba wiki nzima ni Jumapili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nilimweleza Gervas yote, viatu vyangu vikiwa mlangoni. Alisema haiwezekani. Kisha akauliza ni saa ngapi nilikuwa pale. Kisha akafungua daftari la vipimo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amepanda mwenyewe, kwa baiskeli ya kuazima hadi inapogoma, kisha kwa miguu. Ameonekana jioni akirudi, suruali tope hadi mapajani. Hakupita kwangu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Aliniita. Aliingiza kipimo cha Ijumaa mahali pa kile cha Jumapili, akaiacha mashine ifanye kazi. Sikujua kwamba nimekunja vidole vya miguu kwenye zulia mpaka vilipouma. Kidoti cha Bigwa kikawa chekundu. Vilivyo nyuma yake vikafuata, kimoja kimoja, hadi sokoni. Ndio mji kama ulivyo. Hakuna mkono popote.

Nikamwambia achapishe karatasi hiyo tuipeleke mahakamani.

"Taarifa nimeshaitia sahihi," alisema. "Iko kwa wafadhili. Bi Zuleha, nikiandika kwamba maji yanaishia mlimani, watasema mabomba yenu ya mjini hayana shida, fukuzeni wakulima. Na mabomba yameoza. Nimeyashika kwa mikono yangu. Mwaka kesho yatapasuka yote na hakutakuwa na wa kuwaomba."

"Na Abasi?"

Alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Alisema majina ya wanaopunguzwa kazi yanatoka Desemba na yeye ana watoto sekondari. Alisema hakuna aliyemtaja Abasi, hata yeye. Nikamkumbusha neno mkono. Alizima mashine.

Mwezi uliopita ningemwita mtu mwenye kiburi. Leo nimemwona ni mtu anayeogopa pande zote mbili, na katika woga wake ameokota sababu moja ya kweli ili aishikilie.

Jumanne, 15 Oktoba

Asha anasema Abasi alipelekwa zahanati na kurudishwa ndani siku hiyo hiyo. Hana maji ya kumfulia shati.

Jumatano, 16 Oktoba

Bila karatasi ya Gervas nina neno langu tu, na mhariri hachapi neno langu dhidi ya kompyuta. Anataka mtu wa mlimani, kwa jina. Nimepanda tena.

Nilimwambia Veronika yote bila kupunguza: mtu yuko mahabusu kwa maji ambayo hakuiba, maji yenyewe yanakwenda kwenye kabichi, akinipa jina lake nitaandika.

"Na nikiandika, watakuja kufukia mifereji," nikasema.

"Nani?"

"Serikali."

"Mfereji huu alichimba mjomba wa mama yangu. Ardhi hii ni ya ukoo wa mama. Kulikuwa na serikali gani?"

"Ya Mjerumani. Lakini itakayokuja ni ya sasa."

Alicheka kidogo, akainama kung'oa magugu. Aliuliza kama Abasi ana watoto. Nikamjibu. Akauliza yule wa kompyuta naye yuko wapi. Nikasema yuko ofisini. Alifika mwisho wa tuta ndipo akanyoosha mgongo.

"Mimi sikuiba," alisema. "Yeye naye hakuiba. Mmoja hajaiba amefungwa, mmoja hajaiba yuko hapa anapalilia. Andika Veronika. Wenzangu nitawaambia mimi, baada ya misa. Lakini uandike yote, na habari ya mjomba."

Nimewahi kuchukua maneno ya watu wengi ambao hawakujua yatawafanya nini. Huyu alijua. Nilimpa muda abadilishe mawazo: nilikaa mpaka kivuli cha mlima kikateremka. Alinifungia kabichi mbili kwenye kanga, nikazibeba.

Ijumaa, 18 Oktoba

Faksi imekwenda.

Jumatatu, 21 Oktoba

Imetoka, ukurasa wa tatu. Jina la Veronika lipo, Dominika ipo, mifereji ipo. Aya ya mjomba imekatwa. Nilimpigia mhariri simu. Nafasi, alisema.

Alhamisi, 24 Oktoba

Hakuna maji. Mtoto wa tatu wa Asha anaharisha. Nimempelekea nusu ya ndoo yangu. Nusu nyingine nimebaki nayo, nikaitazama.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mahakamani. Hakimu alikuwa na gazeti mezani. Alimwita Gervas kizimbani, akamwapisha, akamwuliza vipimo vya chanzo alivichukua siku gani.

"Jumapili, mheshimiwa."

"Siku nyingine?"

Gervas alimtazama Abasi, ambaye alikuwa ameshika ukuta ili asimame. Sikujua atajibu nini. Nadhani naye hakujua.

"Ijumaa moja," alisema. "Banio lilikuwa kavu."

Mwendesha mashtaka aliomba muda, akanyimwa. Abasi akaachiwa. Asha hakupiga kigelegele. Alimpa kanga ajifunike, wakatoka.

Nje Gervas alinipita kama hanijui. Nina hakika jina lake litakuwa kwenye orodha ya Desemba.

Jumatano, 30 Oktoba

Abasi ameambiwa nafasi yake ya kazi haipo tena. Amepunguzwa, pamoja na wengine, bila kungoja orodha ya Desemba.

Wafadhili wameahirisha mabomba mpaka suala la mlimani litatuliwe. Gervas alisema itakuwa hivyo, na imekuwa.

Ijumaa, 1 Novemba

Amri imetoka: mifereji yote juu ya banio ifukiwe. Vuli haijatoa hata wingu. Kabichi za mlimani, kwa macho yangu, zimebakiza wiki tatu zikomae.

Jumatatu, 4 Novemba

Asubuhi Abasi alipiga hodi. Amekonda mpaka shati linamkaa kama la kaka yake. Aliniuliza kama nina sururu.

Nikauliza ya kazi gani.

"Mlimani. Wanachukua vibarua wa kufukia." Alitazama chini. "Nikikataa mimi, dada, atakwenda mwingine. Na mtoto hajapona."

Sururu ninayo, ya kuchimbia shimo la taka. Nilimpa.

Jumanne, 5 Novemba

Nilipanda nao. Vibarua, askari wawili wenye bunduki ambao hawakuwa na haja nazo, na karani wa ofisi. Gervas hakuja.

Watu wa mlimani walikuwa wamesimama kwenye matuta yao. Hakuna aliyerusha jiwe wala tusi. Katekista, mwalimu wao wa dini, alikuwa nao. Wengine walikuwa wameanza kuvuna kabichi changa, ndogo kama ngumi, na kuzipanga kwenye matenga. Lori la Dar halitazichukua, lakini ng'ombe watakula.

Veronika aliniona nikakwenda. Nilimpa shikamoo. Akaitikia. Nilimwambia aya ya mjomba ilikatwa, sikuikata mimi. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya hali ya hewa.

"Umemtoa?" aliuliza.

"Nimemtoa."

"Ni yupi?"

Abasi alikuwa chini yetu, mwisho wa mfereji, karibu na tuta la mwisho. Alikuwa amepumzika kidogo ili pumzi irudi, kisha akainua sururu kuvunja kingo. Nikamwonyesha. Veronika alimtazama kwa muda, yule mwanamume mwembamba ambaye hajawahi kumwona, amesimama katikati ya kabichi zake.

"Mwambie aanzie juu, mtoni," alisema. "Akivunja huko chini maji bado yanatembea, yatachukua matuta yote na udongo wake."

Nilishuka nikamwambia. Aligeuka akatazama juu, akamwona, akavua kofia. Kisha akaweka sururu begani, akapanda kwa kusimama mara kwa mara, akampita huku akimpa shikamoo, naye akaitikia, na Abasi akaanzia juu.